Baga Yenye Jibini Tumboni: Yapi ya Kweli, Yapi ya Uongo?

Waambie marafiki zako wa Minneapolis kwamba leo mnakwenda kula baga ya baa, kisha nyamaza usikilize. Kabla hamjapata meza utakuwa umeshaelezwa baa ipi ilikuwa ya kwanza, kwa nini Mwislamu asithubutu kuigusa, na namna ya kuchoma nyama ili “maji yake yasitoke”. Baga yenyewe huitwa Jucy Lucy. Nyama ya ng'ombe ya kusaga hutandazwa vipande viwili, jibini likawekwa katikati, kingo zikabanwa pande zote, kisha ikachomwa juu ya bamba la chuma mpaka jibini liyeyuke ndani kwa ndani. Huletwa katika skonzi ya kawaida pamoja na vitunguu vya kukaanga na tango la siki. Haikubuniwa na hoteli kubwa wala kampuni ya vyakula vya haraka. Ni mtoto wa baa za Barabara ya Cedar, kusini mwa mji.

Ukiifuata barabara hiyohiyo kuelekea kaskazini unafika Cedar-Riverside, mtaa wenye Wasomali wengi, baadhi yao wakiwa wameishi miaka kadhaa Dadaab na Kakuma nchini Kenya na kutoka huko na Kiswahili chao. Wakenya nao ni wengi katika vitongoji kama Brooklyn Park. Ndiyo maana ubishi wa baga hii husikika kwa Kiswahili pia. Tumezichukua kauli zinazorudiwarudiwa mezani, tukazipima moja baada ya nyingine.

Kauli ya 1: “Aliyeibuni anajulikana.”
SI KWELI

Anayeitetea Matt's Bar, iliyopo kona ya Cedar na Mtaa wa 35, atakupa hadithi kamili. Baa ilifunguliwa mwaka 1954 na Matt Bristol. Siku moja mteja akaomba nyama mbili zenye jibini katikati. Alipoing'ata, jibini likamchuruzika, akapiga ukelele wa furaha uliomtaja Lucy, na jina likanata.

Anayeitetea 5-8 Club, iliyopo Cedar na Mtaa wa 58, hatamwacha mwenzake amalize. Nyumba yao ni kongwe zaidi. Ilianza mwaka 1928 kama baa ya siri, wakati Marekani nzima ilikuwa imepiga marufuku pombe, marufuku iliyodumu kuanzia 1920 hadi 1933. Nao wanasema baga hii ilitoka jikoni kwao.

Tuanze na hoja ya ukongwe. Umri wa nyumba si umri wa baga. Mwaka 1928 unathibitisha kwamba watu walikuwa wakinywa kwa kujificha, na hausemi lolote kuhusu jibini ndani ya nyama. Hadithi ya mteja aliyepiga ukelele nayo ni nzuri mno kwa simulizi na ni dhaifu mno kwa ushahidi, kwa sababu anayeisimulia ndiye anayeuza. Baa hizi mbili zimeachana kwa kilomita tano hivi, na utani wao umefika mpaka kwenye fulana: Matt's huandika jina bila herufi “i”, wenzao huandika “Juicy” kamili, na kila upande unadai tahajia yake ndiyo alama ya baga halisi. Mgeni akisikia mzozo huo hula kwa wote wawili ili aamue mwenyewe. Hakuna mwenye baa anayepata hasara kwa ubishi wa namna hiyo, na ndiyo sababu hauishi.

Kauli ya 2: “Obama ndiye aliyeipa umaarufu.”
SI KWELI

Ni kweli alikula. Tarehe 26 Juni 2014 Rais Barack Obama aliketi Matt's Bar na mama mmoja wa Minneapolis aliyekuwa amemwandikia barua kueleza jinsi familia yake ilivyohangaika baada ya uchumi kuporomoka. Picha zilizagaa, na tangu hapo Mkenya anayempeleka mgeni pale hulitaja jina la mtoto wa Mkenya mwenzake kabla ya kutaja jibini.

Lakini hesabu haidanganyi: kufikia siku hiyo baa ilikuwa na miaka 60. Vipindi vya runinga vya safari na chakula vilikuwa vimeshapita na kamera, na baa za jirani zilikuwa zimeshaiga. Blue Door Pub ya Saint Paul, mji pacha wa Minneapolis, ilifunguliwa mwaka 2008 ikiwa na toleo lake lililojazwa jibini la buluu. Watu wa rais hawachagui mahali pasipojulikana kwa ajili ya picha. Alikwenda pale kwa sababu baga ilikuwa tayari ni fahari ya mji, na mwanasiasa anapotaka kuonekana anakula na wananchi hufuata fahari yao.

Kauli ya 3: “Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Baa ikishapata jina, baga huharibika.”
NUSU KWELI

Methali ina haki yake, na wapo waliolewa sifa wakapunguza nyama wakaongeza bei. Hata hivyo kabla ya kumhukumu mgema, angalia mambo mawili yanayoonekana kwa macho: urefu wa orodha ya vyakula na ukubwa wa jiko.

Baa inayouza vyakula hamsini inahitaji friji kubwa, na nyama ya kusaga haipendi kukaa. Baa inayouza baga na chipsi karibu peke yake huimaliza nyama yake haraka, na mpishi anayerudia kazi moja kutwa nzima mkono wake huwa mwepesi. Orodha ya Matt's ni fupi, na bamba lao la kuchomea ni dogo, linaonekana kutoka kwenye viti. Umaarufu katika nyumba ya namna hiyo huanza kwa kuharibu kitu kingine: muda wako. Bamba dogo haliwezi kuharakishwa, na baga iliyojazwa huchukua muda mrefu kuliko baga bapa. Kwa hiyo ukienda Jumamosi jioni na kundi la watu wanane, mtaingoja meza, kisha mtaingoja baga. Waliokuja na njaa kali ndio hurudi wakisema baga imeharibika.

Kauli ya 4: “Baga ya Marekani imechanganywa na nguruwe.”
SI KWELI, lakini usiishie hapo

Kanuni za serikali kuu ya Marekani ziko wazi. Nyama inayouzwa kwa jina la hamburger lazima iwe ya ng'ombe. Inaruhusiwa kuongezwa mafuta ya ng'ombe, ila mafuta yote yasizidi asilimia 30, na hairuhusiwi kuongezwa maji wala unga wa kuishikisha. Kwa hiyo anayekwambia nguruwe amesagwa humo kwa desturi, amekosea.

Tatizo ni kwamba Mwislamu akishajibiwa swali hilo huona ameshamaliza, kumbe ameanza. Swali la kwanza ni la uchinjaji: nyama ya ng'ombe katika baa ya kawaida haikuchinjwa kwa masharti ya halali, hata ikiwa safi kiasi gani. Swali la pili ni la bamba: bekoni, ambayo ni nyama ya nguruwe, huagizwa sana juu ya baga, na katika majiko mengi hukaangwa palepale inapochomwa nyama ya ng'ombe. Swali la tatu wengi hawalijui. Jibini hugandishwa kwa kimeng'enya ambacho asili yake ni tumbo la ndama, ingawa siku hizi kingi hutengenezwa kwa vijidudu. Mwenye kujali atauliza yote matatu.

Anayejali pia si lazima akose. Mitaa ya Cedar ina maduka ya nyama ya halali, na baga hii haihitaji mashine. Nyama ya kusaga, vipande viwili vya jibini, vidole vya kubana kingo na kikaango kizito vinatosha. Wenyeji wengi wa Minnesota, jimbo lenye mji huu, huipika nyumbani kwao bila kukanyaga baa.

Kauli ya 5: “Lile la njano linaloyeyuka si jibini.”
NUSU KWELI

Jibini la Kimarekani hudharauliwa na wajuzi kwa rangi yake na ulaini wake wa plastiki. Ukweli ni kwamba huanza kama jibini la kweli, aina ya cheddar au jamaa zake, kisha likasagwa, likapashwa moto na kuchanganywa na chumvi maalumu zinazoshikamanisha mafuta na maji. James L. Kraft alipata hataza ya mbinu yake mwaka 1916. Baadaye wauzaji walianza kupunguza jibini na kuongeza vitu vingine vya maziwa, ndipo sheria ikalazimisha majina tofauti kwenye pakiti. Kipande kimoja kinaweza kuwa jibini lililosindikwa, kingine kikawa bidhaa yenye jibini kiasi tu. Kwa hiyo jibu liko kwenye pakiti. Rangi ya njano peke yake haisemi kitu.

Kwa baga iliyojazwa, zile chumvi za kushikamanisha ndizo mganga. Cheddar iliyokomaa ikifungiwa ndani ya nyama moto huachana: mafuta huenda huku, chembe ngumu hubaki kule. Jibini la Kimarekani hugeuka mchuzi mzito ulio sawasawa. Anayelibeza juu ya mkate ana haki yake ya kubeza, ila ndani ya baga hii ndilo linalofanya kazi iliyokusudiwa. 5-8 Club hukupa uchague aina nyingine za kujaza, na wanaolichagua la Kimarekani hawakosei.

Kauli ya 6: “Ing'ate ingali moto, ndipo utamu wake.”
SI KWELI

Anayejua sambusa iliyotoka kwenye mafuta sasa hivi anajua yaliyomo humo. Nje kumeshapoa, ndani kunatokota. Jucy Lucy ni kali zaidi, kwa sababu jibini lililoyeyuka lina mafuta, hushika ufizi na kaakaa kama gundi, na halikuachi mpaka limekuchoma. Maji yaliyomo kwenye jibini hugeuka mvuke, na kwa kuwa kingo zimebanwa, mvuke hauna njia isipokuwa ile utakayoifungua wewe kwa meno. Wapishi wengine huitoboa nyama kwa uma upande mmoja ili mvuke upumue. Hata hivyo wahudumu huwaonya wageni, na onyo hilo si madoido ya biashara.

Iache dakika kadhaa. Kula chipsi kwanza, maliza stori uliyoianza, kisha anza kidogo ukingoni. Jibini likiwa la vuguvugu huwa zito, halichuruziki kwenye shati, na ulimi ambao haujaungua ndio unaoonja.

Kauli ya 7: “Moto mkali hufunga nyama isitoe maji.”
SI KWELI

Hii ndiyo kauli kongwe kuliko zote mezani. Mkemia Mjerumani Justus von Liebig aliieneza katika karne ya 19, vitabu vya mapishi vikaimeza, na bado inatembea. Mwandishi wa sayansi ya chakula Harold McGee aliivunja katika kitabu chake cha mwaka 1984, na jaribio lake unaweza kulifanya mwenyewe kwa masikio. Nyama inayochomwa hulia chwaa muda wote, hata baada ya kupata ganda la kahawia. Mlio ule ni maji yanayotoka na kugonga chuma. Kama ganda lingekuwa limefunga, kikaango kingenyamaza.

Moto mkali una faida nyingine, na ni kubwa. Protini na sukari za nyama zikipata joto la kutosha hugeuka na kutoa mamia ya harufu na ladha mpya. Badiliko hilo hubeba jina la Mfaransa Louis Camille Maillard, aliyelieleza mwaka 1912. Ganda ni la ladha. Ulaini na majimaji hutokana na mafuta yaliyomo, na ndiyo maana wapishi wengi hupenda nyama yenye mafuta yapata asilimia 20.

Papo hapo tusahihishe makosa matatu ya jikoni yanayotembea pamoja na kauli hii. Majimaji mekundu yanayotoka kwenye nyama si damu, maana damu nyingi humwagika machinjioni. Ni maji yenye mayoglobini, protini inayohifadhi oksijeni kwenye misuli. Pili, chumvi ikichanganywa na nyama ya kusaga mapema huyeyusha protini zake na kuzinatisha, ukapata baga inayotafunika kama soseji. Nyunyiza juu, dakika ya kuweka motoni. Tatu, kuikandamiza nyama kwa mwiko kuna wakati wake. Ikikandamizwa sekunde za mwanzo, mafuta yakiwa bado yameganda, haipotezi sana. Ikikandamizwa baadaye, unayamwaga uliyoyalipia. Na Jucy Lucy usiikandamize kabisa, labda kama shida yako ni kuliona jibini sakafuni.

Kauli ya 8: “Baga ni kama steki. Nyekundu katikati haina neno.”
SI KWELI, na hapa si mzaha

Kipande kizima cha nyama kina vijidudu kwenye uso wake wa nje, na moto huviua huko huko nje. Nyama ikisagwa, yaliyokuwa nje huingia ndani, tena huchanganywa nyama ya ng'ombe mmoja na ya wengine wengi. Ndiyo maana steki nyekundu katikati na baga nyekundu katikati ni mambo mawili yasiyolingana.

Bakteria aina ya E. coli O157:H7 alitambuliwa kama chanzo cha maradhi mwaka 1982, baada ya watu kuugua kutokana na baga katika majimbo ya Oregon na Michigan. Mwishoni mwa 1992 na mwanzoni mwa 1993, baga za mikahawa ya Jack in the Box ambazo hazikuiva sawasawa ziliwafanya watu zaidi ya 700 waugue katika majimbo ya magharibi, na watoto wanne wakafa. Mwaka uliofuata serikali ilimtangaza bakteria huyo kuwa uchafu haramu katika nyama ya ng'ombe ya kusaga. Kiwango kinachopendekezwa na wizara ya kilimo ya Marekani ni nyuzi 71 za Selsiasi katikati ya nyama.

Wengi hudhani macho yanatosha. Hayatoshi. Wizara hiyohiyo imeeleza kwamba baga moja kati ya nne hugeuka kahawia kabla ya kufikia joto la usalama, na nyingine hubaki na wekundu hata baada ya kulipita. Rangi hutegemea umri wa nyama na hewa iliyoipata, pamoja na moto.

Baga iliyojazwa ina mtego wake wa ziada. Watu huona jibini limeyeyuka wakasema imeiva, lakini jibini la Kimarekani huyeyuka kabla ya nyuzi 71, kwa hiyo kuyeyuka kwake si cheti. Unayeipika nyumbani, ingiza kipimajoto ubavuni, ncha yake ikae ndani ya nyama na isiguse jibini, kisha pima nyama ya juu na ya chini. Habari njema ni kwamba baga hii hukusamehe: ikiiva kabisa haikaushi kinywa, kwa kuwa jibini linarudisha unyevu uliopotea. Mpenda baga nyekundu hana sababu ya kuhatarisha afya ya mwanawe mbele ya chakula kilichobuniwa kwa namna hiyo.

Kauli ya 9: “Mhudumu wa Marekani analipwa dola mbili kwa saa, anaishi kwa bakshishi.”
SI KWELI katika Minnesota

Sheria ya taifa inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1991, mradi bakshishi zifidie pengo. Lakini kila jimbo lina ruhusa ya kumlinda mfanyakazi zaidi. Minnesota ni miongoni mwa majimbo saba yasiyomruhusu mwajiri kuhesabu bakshishi kama sehemu ya mshahara. Mhudumu hupata kima cha chini kamili, na bakshishi ni ya juu yake. Mjini Minneapolis kima hicho, tangu katikati ya 2024, kimezidi dola 15 kwa saa kwa waajiri wote, wakubwa kwa wadogo.

Je, hiyo ina maana usiache kitu? Desturi haijafutwa na sheria. Asilimia 15 hadi 20 bado ndiyo inayotarajiwa, na kundi lililokalia meza kwa saa tatu likibishana kuhusu Lucy lina deni la adabu. Soma bili kwanza, maana baadhi ya nyumba huongeza gharama ya huduma zenyewe, na hapo usilipe mara mbili.

Kauli ya 10: “Tugawane bili sawa kwa sawa. Ndiyo haki.”
RAHISI, ndiyo. HAKI, hapana

Wanauchumi Uri Gneezy, Ernan Haruvy na Hadas Yafe waliwapeleka watu mkahawani mjini Haifa na kuwagawa kwa namna ya kulipa. Utafiti wao ulitoka mwaka 2004. Waliojua bili itagawanywa sawa waliagiza vya bei zaidi kuliko waliojilipia kila mtu chake, na walioambiwa wanalipiwa waliagiza zaidi ya wote. Sababu yake ni nyepesi: ukiongeza chakula cha dola kumi kwenye meza ya watu sita, mfukoni mwako hutoka chini ya dola mbili, nyingine wanakulipia wenzako. Kila mmoja akiwaza hivyo, wote hulipa zaidi ya walivyotaka.

Kwenye baa jambo hili lina sura nyingine. Yupo asiyekunywa pombe, kwa dini au kwa sababu anaendesha gari. Mkigawa sawa, baga yake moja na soda vinamlipia bia rafiki aliyeketi mkabala naye. Kwetu ni vigumu kulisema, kwa kuwa kuhesabu mbele ya marafiki huonekana ubahili. Mwenye kuandaa matembezi alimalize mapema, kabla ya kuagiza, kwa kumwambia mhudumu alete bili mbalimbali. Wahudumu wa Marekani wamezoea, na hakuna atakayeaibika.

Kauli ya 11: “Chakula ni kitamu zaidi mkiwa pamoja.”
NUSU KWELI

Erica Boothby na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliwapa watu chokoleti mwaka 2014. Waliokula wakati mmoja na mtu mwingine, hata bila kuzungumza naye, waliiona tamu kuliko walipokula huku mwenzao akifanya jambo jingine. Wapenda karamu hupenda kuishia hapo. Lakini watafiti hao waliwapa watu wengine chokoleti chungu, na kuila pamoja kukaifanya ionekane mbaya zaidi.

Kumbe kula pamoja hukuza kile kilichopo. Baga nzuri mkiwa watano huwa nzuri sana, na baga mbovu mkiwa watano huwa msiba wa kusimuliwa. Hapa ndipo sifa za baa maarufu zinapopikwa, kwa nusu. Wanaoipenda walikuja na wanaowapenda. Basi ukitaka kujua baga yenyewe ina thamani gani, irudie siku nyingine peke yako, saa ambayo baa imetulia.

Hukumu

Katika kauli hizi zote, mbishie rafiki yako kuhusu Matt's na 5-8 mpaka mchoke, kwa sababu atakayeshinda hapati kitu na atakayeshindwa hapotezi kitu. Obama mwachieni aliyempiga picha. Mambo matatu tu ndiyo yasiyofaa kuachiwa mazoea ya mezani: nyama imefika nyuzi 71 au haijafika, imechinjwa na nani kama hilo linakuhusu, na bili italipwaje. Yaulize hayo kabla ya kuagiza, bila haya. Baga ikishaletwa, subiri ipoe.